Mama wa Candy Crush aingie ligi yetu ya gemu?

BARUA

Wahariri wa safu, habari za kazi.

Sisi ni kamati ya watu watano tunaoandaa ligi ndogo ya gemu hapa Kabwe, Mbeya. Chumba tumeshakodi kwa siku moja, Jumamosi ya mwisho ya Juni, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Vifaa tulivyo navyo ni PlayStation 4 mbili, televisheni mbili za inchi 32, pedi tano (moja kijiti chake cha analogi kinajiendea chenyewe) na simu tatu za kupangusa za aina moja tulizoazimwa na duka la jirani. Waliojiandikisha kwa mpira wa PS ni 16. Kiingilio ni shilingi 3,000.

Mzozo umetokea kwenye kundi la pili. Watu 12 wanataka kushindana kwa gemu za simu: Candy Crush (ya kupanga pipi za rangi moja zivunjike), Ludo, 2048 na mpira wa kwenye simu. Mmoja wao ni mama mwenye genge la ndizi soko la Mwanjelwa. Yuko leveli ya 3,400 ya Candy Crush na amesema hadharani kwamba kwa vijana wa PS haoni wa kumfikia.

Vijana wa PS wamegoma. Wanasema gemu ya kweli ina pedi na skrini kubwa, ina mwanzo na mwisho, na inataka miezi ya kujifunza. Hizi nyingine ni gemu za kupotezea muda, unacheza ukiwa kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba. Tukiziingiza, wao wanajitoa. Wa simu nao wanasema tukiwaacha tuwarudishie fedha zao, na tumeshazitumia kulipia chumba.

Tunaomba majibu matatu. Gemu hizi nyepesi ni gemu kweli au siyo? Leveli 3,400 ni kipimo cha uwezo? Na kama tukizikubali, tuziendesheje ili mtu asije akasema ameibiwa?

Katibu wa ligi, Kabwe, Mbeya


JIBU

Ndugu Katibu, ndaga kwa barua yenye hesabu kamili. Wengi huuliza swali hili bila hata kutaja wana simu ngapi.

Ni gemu. Hilo tulimalize mapema, kwa sababu katika hoja nne za vijana wako, tatu za kwanza zikipimwa moja moja hazisimami.

Tuanze na pedi na mkono mmoja. Pac-Man, iliyotoka Japani mwaka 1980, ilikuwa na mti mmoja wa kuongozea na haikuwa na kitufe cha kufyatulia chochote. Ilichezwa kwa mkono mmoja. Aliyeibuni, Toru Iwatani, alitaka gemu itakayowavuta hata wanawake, kwa kuwa kumbi za wakati ule zilijaa wanaume wakilipua vyombo vya angani. Leo huwezi kumpata mchezaji wa PS atakayekuambia Pac-Man si gemu. Kwa hiyo kama daladala ndiyo inayoiondolea gemu hadhi, basi tatizo ni kiti alichokaa mchezaji, gemu yenyewe haihusiki.

Skrini kubwa? Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi ya mwaka 1989, ilikuwa na skrini ya nukta 160 kwa 144, na ndani ya boksi lake sehemu nyingi iliuzwa pamoja na Tetris, gemu ya kupanga matofali ambayo Alexey Pajitnov aliitengeneza Moscow mwaka 1984. Nyoka wa kwenye simu za Nokia, aliyeanza mwaka 1997 na modeli ya 6110, alitambaa kwenye nukta 84 kwa 48 tu. Ukizidisha unapata 4,032. Picha moja ndogo ya mchezaji kwenye menyu ya mpira wa PS ina nukta nyingi kuliko skrini nzima ya yule nyoka.

Mwanzo na mwisho ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. Tetris haina mwisho ulioandikwa. Unacheza mpaka ushindwe. Toleo la NES (mashine ya gemu ya Nintendo) la mwaka 1989 lilikaa miaka 34 bila mtu kulifikisha mahali linapoganda lenyewe, mpaka Desemba 2023 kijana wa miaka 13 wa Marekani alipofika leveli ya 157 na mashine ikakwama. Hiyo ni gemu nyepesi ya matofali, kanuni zake unamfundisha mtu kwa dakika moja, na bado kina chake kilichukua zaidi ya miongo mitatu kufikiwa.

Na wakikuambia simu haiwezi kuwa chombo cha mashindano, wakumbushe kwamba kwenye michezo ya Asia ya Kusini-Mashariki ya mwaka 2019, Ufilipino, medali zilitolewa kwa Mobile Legends, gemu ya simu. Hangzhou, China, nako, kwenye Michezo ya Asia iliyochezwa 2023, PUBG Mobile ilikuwa na medali yake kamili, pembeni ya mpira, Dota 2 na Street Fighter.

Wala hapa kwetu gemu hazikuingia kwa PlayStation. Wengi wa rika la wazazi wa hao vijana walizianzia kwenye kitochi. Nokia 3310, ya mwaka 2000, ilikuja na gemu nne, na mojawapo, Bantumi, ni ndugu wa bao: mashimo sita kila upande na ghala moja moja pembeni. Ni bao la watoto, kusema kweli, ukililinganisha na bao la Kiswahili lenye mashimo 32, kete 64 na hatua mbili za mchezo, kunamua kwanza halafu mtaji. Mzee wa bao akiwakuta mnagombana Kabwe kuhusu gemu ipi ni nzito atawacheka pande zote mbili.

Hoja ya nne, ya kujifunza kwa miezi, ndiyo yenye maana, na hapo ndipo tunapowapa vijana wa PS haki yao. Zipo gemu za simu ambazo ujuzi hauna kazi. Zipo zile zinazojiendesha zenyewe: unafungua asubuhi unakuta sarafu zimejaa, unabonyeza, unafunga. Hizo hata ukizipa jina la gemu hazina cha kushindania. Lakini huwezi kuijua gemu ya namna hiyo kwa kuangalia kama iko kwenye simu. Kuna jaribio moja la kuitambua, na tunashauri kamati ilifanye kabla ya kikao kijacho. Tuliite jaribio la kufumba macho.

Chukueni gemu moja. Mtu anayeijua aicheze mara kumi, muandike alama zake. Kisha mtu wa pili acheze mara kumi bila kuangalia, apanguse au abonyeze hovyo. Wekeni safu mbili za alama sambamba. Kama alama mbaya kabisa ya fundi inaizidi alama nzuri kabisa ya kipofu, hiyo ni gemu ya ujuzi na inafaa ligi hata kwa mechi moja. Kama safu zinaingiliana kidogo, inafaa, ila itataka majaribio kadhaa kwa kila mchezaji. Kama huwezi kuzitofautisha, hiyo ni bahati nasibu yenye rangi nzuri.

Sasa tupitishe hapo gemu zenu nne.

2048 itafaulu vizuri mno. Ilitolewa na Gabriele Cirulli wa Italia mwezi Machi 2014, na kila unapopangusa, vigae viwili vyenye namba sawa vikigongana huungana kuwa kimoja cha jumla yao, kisha kigae kipya huzaliwa: mara tisa kati ya kumi ni 2, mara moja ni 4. Kwa hiyo kila hatua inaongeza ubaoni wastani wa 2.2, na kufika kigae cha 2048 kunataka hatua 930 hivi. Anayepangusa hovyo huishia kwenye kigae cha 128, akibahatika 256, halafu ubao unajaa. Fundi hubana kigae kikubwa kwenye kona moja na kamwe hapangusi upande utakaokitoa pale. Pengo kati ya hao wawili linaonekana hata kwa mtazamaji aliyeingia kupasha mikono joto tu.

Ludo itaanguka. Mpaka upate sita hutoki nyumbani, na uwezekano wa kutupa dadu mara kumi bila sita hata moja ni asilimia 16. Maana yake karibu mtu mmoja katika kila sita atakaa mitupo kumi mizima akiwaangalia wenzake wakizunguka. Kuchagua kete ya kusogeza kuna akili yake, hatukatai, ila kwa mechi moja akili hiyo inamezwa na dadu. Iondoeni. Na kuna sababu ya pili: kiingilio cha fedha, mshindi wa kuamuliwa na dadu, zawadi ya fedha inayotokana na viingilio, hayo matatu yakikaa pamoja mnaanza kunukia kamari. Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi yake. Msitake kuwaeleza maofisa kwamba ilikuwa Ludo ya kirafiki. Kiingilio kiandikeni wazi kwamba ni cha chumba na vifaa, zawadi itoke kwa mfadhili, hata ikiwa ni gunia la viazi au begi la shule, na mkiwa na shaka ulizeni ofisi ya serikali ya mtaa kabla ya kubandika tangazo.

Mpira wa kwenye simu tungeuacha mwaka huu, na sababu itawashangaza vijana wa PS. Inafanana kabisa na gemu yao, lakini ndiyo yenye haki kidogo kuliko zote nne. Kwenye PS wachezaji wawili mnachagua timu zenye nguvu sawa, mchezo unaanza. Kwenye simu kila mtu huja na kikosi alichokijenga kwa miezi, au alichokinunua. Isitoshe mechi hupita kwenye seva iliyo mbali hata kama mmekaa benchi moja. Picha hubadilika mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16.7, mtandao ukichelewa milisekunde 150, umepitwa na picha tisa kabla pasi yako haijasikika. Kipa ameshadaka. Hapo mnaanza kugombana na mnara wa simu badala ya kucheza.

Inabaki Candy Crush, na mama wa ndizi.

Leveli 3,400 si kipimo cha uwezo. Ni kipimo cha uvumilivu, na pengine cha pochi. Gemu humpa mchezaji maisha matano. Akishindwa leveli anapoteza moja, na moja hurudi kila baada ya nusu saa, kwa hiyo aliyeishiwa kabisa husubiri saa mbili na nusu yajae. Mtu anaweza kushindwa leveli moja mara arobaini kwa wiki mbili, ya arobaini na moja pipi zikamdondokea vizuri, akapita. Ramani haionyeshi zile arobaini. Vilevile kuna visaidizi vya kununua: nyundo ya kuvunja pipi moja, hatua tano za ziada na kadhalika. Kampuni ya King, wenye Candy Crush, ilinunuliwa na kampuni ya gemu ya Activision Blizzard kwa dola bilioni 5.9, biashara iliyokamilika mwaka 2016, na fedha ya namna hiyo hailipwi kwa sababu ya muziki wake. Kwa hiyo vijana wakisema namba ile haithibitishi kitu, wako sahihi.

Ila hilo halina maana kwamba mama hajui kucheza. Mwekeni mezani mtamjua kwa dakika tano. Asiyejua huvunja pipi tatu popote anapoziona kwanza. Anayejua hutafuta nne kwa mstari, apate pipi ya mistari inayofagia safu nzima. Tano zilizokaa kwa umbo la L au T, apate pipi iliyofungwa inayolipuka mara mbili. Au tano kwa mstari mmoja, apate bomu la rangi. Bomu halitumii peke yake, hulipangusa pamoja na pipi ya mistari, na rangi nzima inageuka mistari. Atachezea chini ya ubao anapotaka vitu vidondoke na kujipanga vyenyewe, juu anapotaka kila kitu kibaki alivyokipanga. Na atakaa sekunde nyingi bila kugusa kioo, kwa sababu leveli nyingi za Candy Crush hubana idadi ya hatua na si muda. Kijana wa PS aliyezoea kubonyeza haraka ataunguza hatua zake zote kabla hajaelewa leveli inataka nini.

Kwenye jaribio la kufumba macho Candy Crush huangukia katikati: ujuzi unaonekana, ila pipi zinazodondoka kutoka juu hazina ratiba. Dawa yake ni kucheza leveli zaidi ya moja. Tunashauri tatu, na kinachohesabiwa ni jumla ya alama.

Sasa maandalizi. Wiki moja kabla, wekeni Candy Crush kwenye simu zote tatu, kila simu na maendeleo yake, msitumie akaunti moja kwa zote maana maisha na leveli zitachanganyika. Mtu wa kamati azifikishe zote kwenye leveli ya 60 hivi. Kazi hiyo inataka jioni kadhaa kwa sababu ya yale maisha matano, msiiache mpaka Ijumaa. Chagueni leveli tatu zilizokwisha kupitwa kwenye simu zote, ambazo mchezaji wa kawaida hupita bila shida. Leveli iliyopitwa hurudiwa kutoka kwenye ramani. Mkichagua ngumu, wachezaji wa mwanzo watamaliza maisha na anayefuata atakaa nusu saa akisubiri moyo mmoja urudi. Mchezaji akishinda, maisha hayapungui. Visaidizi marufuku: mwamuzi akae mahali anapoona vitufe vya chini ya skrini, na kabla leveli haijaanza ahakikishe hakuna kisaidizi kilichochaguliwa. Anayekigusa, alama ya leveli hiyo ni sifuri, hata kama amegusa kwa bahati mbaya. Tangazeni mapema, maana vidole vinene na vitufe vidogo ni chanzo kikubwa cha "sikukusudia".

Watengenezaji hubadilisha leveli mara kwa mara bila kupiga hodi, idadi ya hatua ikapungua au mpangilio ukageuka. Kwa hiyo sasisheni simu zote siku moja, Ijumaa jioni, mzifungue zote tatu mhakikishe leveli mlizochagua zinafanana. Baada ya hapo hali ya ndege, na isiondolewe mpaka fainali iishe. Hali ya ndege inaua matatizo matatu kwa mpigo: simu ya mtu kuingia katikati ya mchezo, matangazo ya biashara, na masasisho yanayojipakua yenyewe.

Kwa 2048, nakala nyingi zilizoko sokoni zina kitufe cha kurudisha hatua nyuma. Tafuteni isiyo nacho. Mkikosa, kukigusa ni kufutiwa raundi. Kila mchezaji apewe raundi mbili za dakika kumi, mhesabu alama ya raundi bora. Dakika kumi zinatosha: mwenye kasi ya hatua mbili kwa sekunde hufanya hatua 1,200, na hatua 930 ndizo zinazotakiwa kwa kigae kikubwa. Wengi hawatakifika. Saa ikilia, vidole juu, waamuzi wawili wasome alama kwa sauti na mmoja achukue skrinshoti hapohapo. Alama isiyo na skrinshoti ni hadithi.

Simu zenyewe: toeni kava nene, zimeni hali ya kuokoa chaji kwa sababu hupunguza kasi, fungeni mzunguko wa skrini, mwanga uwe sawa kwenye zote tatu. Msicheze ikiwa kwenye chaji. Simu inayochajiwa huku inacheza hupata moto, prosesa ikajipunguza kasi ili isiungue, na mchezaji ataona mpanguso wake unachelewa bila kujua sababu. Betri ikianza juu ya asilimia 80, gemu hizi mbili haziwezi kuimaliza kwa saa tatu. Angalieni pia protekta: ikiwa imenyanyuka kona au ina mapovu, kioo hakisikii vizuri pale, na ndipo vidole vya mtu wa 2048 hupita mara mia tatu kwa raundi.

Mkitaka watazamaji waone, simu nyingi za bei ya chini hazitoi picha kwa waya wa HDMI hata ukinunua kiunganishi, kwa hiyo msikinunue kabla ya kujaribu cha kuazima. Kurusha picha bila waya kunawezekana kwa kuwasha Wi-Fi tu, isiyo na intaneti, huku hali ya ndege ikibaki; kutachelewa kidogo kwenye televisheni, na hakuna shida kwa kuwa mchezaji anaangalia kioo cha mkononi.

Kwa PS mnajua wenyewe, tuguse mambo mawili tu. Televisheni ziwekwe kwenye hali ya gemu, la sivyo zinatumia muda kuipamba picha na pedi inaonekana nzito. Na ile pedi ya tano isiwe akiba. Vipimo vya ndani ya analogi vimelika. Kusafisha kwa spiriti husaidia siku mbili tatu kisha ugonjwa unarudi, na kubadilisha analogi kunataka fundi wa kulehemu. Azimeni nyingine.

Muda unawatosha. Mpira wa watu 16 kwa mtoano, pamoja na mshindi wa tatu, ni mechi 16. Mkiweka dakika sita kila kipindi na dakika nne za kubadilishana, mechi ni dakika 16. Kwa mashine mbili, na fainali ikichezwa peke yake, ni zamu tisa, yaani dakika 144. Upande wa simu, watu 12 kwa raundi mbili za 2048 ni raundi 24. Kwa simu tatu ni zamu nane za dakika 15, saa mbili kamili. Candy Crush zamu nne za dakika 15, saa moja. Zote mbili zinaenda sambamba na PS chumba hichohicho, zikiwa zimeisha kabla ya saa tisa hata mkichelewa kuanza, na mtachelewa.

Umeme nao si wa kutisha. PS4 moja na televisheni yake ni kama wati 200, seti mbili 400, kwa saa mbili na nusu ni uniti moja ya LUKU. Simu hazihesabiki: betri ya 5,000 mAh ni kama wati-saa 19. Lakini hapo ndipo kuna hoja ya kuwapelekea vijana wa PS waliogoma. Umeme ukikatika saa tano asubuhi, mashindano yao yanasimama na ya mama yanaendelea. Ligi yenye pande zote mbili haifi kwa sababu ya nguzo moja iliyoanguka Uyole.

Msiunganishe alama za pande hizi mbili kwenye jedwali moja. Hakuna fomula ya kulinganisha mabao na pipi, na mkiitunga itakuwa ndiyo mzozo wa mwaka. Mabingwa watatu: wa mpira, wa 2048, wa Candy Crush. Zawadi za thamani sawa kama mfadhili anamudu. Kama hamudu, ya mpira iwe kubwa kwa sababu ina watu wengi zaidi, na sababu hiyo iandikwe kwenye tangazo ili isionekane ni kwa kuwa moja ni gemu na nyingine si gemu.

Kuhusu kutishia kujitoa: kwenye kikao, msibishane. Wekeni simu moja mezani, 2048, dakika kumi, mumwombe nahodha wa PS aanze mbele ya wenzake. Akipata kigae cha 512 ameshinda heshima yake. Asipopata, atataka kurudia, na mtu anayetaka kurudia ameshajibu swali la kama ni gemu. Halafu mama apewe pedi naye, ni haki. Na wamwamkie kwanza. Kubishana na mtu wa umri wa mama yako kuhusu pipi bila shikamoo ni utovu wa adabu hata Ulaya.

Mwisho ni baridi. Mwishoni mwa Juni saa nne asubuhi chumba cha Kabwe bado ni jokofu. Vidole vilivyoganda hupangusa nusu, na glovu za kufuma wanazovaa watu mpaka Makambako hazifanyi kazi kabisa, kioo hakihisi sufu, kinahisi ngozi. Kuzikata ncha za kidole gumba na cha shahada kunatosha. Wekeni beseni la maji ya moto na taulo kavu mlangoni, na muwe wakali kwenye taulo: tone moja la maji kwenye kioo husomeka kama kidole cha pili, na kigae kilichokaa kwenye kona kwa dakika nane kinatoka.